Juzuu ya Tatu ya Mjane Tengbergen

Mboji! Donge la mboji kavu, ile wanayoichimba mabwawani na kuichoma badala ya kuni, limefungwa vizuri ndani ya karatasi ya kijivu ya London. Juzuu ya kwanza ipo kikapuni. Juzuu ya pili ipo. Ya tatu imegeuka kuni.

Ndivyo tulivyomwacha Wubbina Tengbergen, mjane wa Delft, kikapu kikiwa wazi magotini mwake, ndani ya tishari la abiria lililokuwa ndiyo kwanza limetoka Halfweg na kushika mfereji wa kwenda Amsterdam. Reli ilikuwa bado. Tishari lilikokotwa na farasi mmoja anayetembea ukingoni, na farasi huyo hakuwa na haraka na mtu.

Wubbina alisimama, donge mkononi.

"Simamisha!" alipiga ukelele. "Sijmen, simamisha farasi!"

Nahodha Sijmen alichungulia mlangoni, kiko mdomoni. "Kuna nini tena, mama? Mtu kaanguka majini?"

"Nimeibiwa!"

"Pesa?"

"Kitabu!"

Sijmen alishusha pumzi kama mtu aliyetishwa bure. "Mama Tengbergen, farasi wangu husimama mtu akizama, na husimama penye daraja. Kwa hadithi hasimami."

Abiria wakacheka. Wubbina hakucheka. Na wewe uliyelikosa gazeti la wiki iliyopita hutacheka ukishajua hali yake.

Wauza vitabu wa Uholanzi wana desturi moja isiyo na huruma. Kitabu cha kigeni ni cha yule atakayekuwa wa kwanza kukiweka mezani kwa katibu wa chama chao, Amsterdam. Kiwe kitabu asilia, na kiwe kamili. Akishakiweka, hakuna mwingine atakayechapa hata mstari mmoja wake kwa Kiholanzi.

Egbert, mume wa Wubbina, alitumia mwaka wake wa mwisho kutafsiri hadithi ya Kiingereza, habari za binti wa mlinzi wa mnara na baharia wake. Rafiki yake wa London alimtumia kurasa zikitoka mtamboni, wino haujakauka sawasawa. Egbert alitafsiri akikohoa, akakohoa damu, akatafsiri tena. Siku ya mwisho alisema, "Zimebaki sura tatu tu, Wubbina," kisha akalaza kalamu, naye akalala.

Sasa Roodhuyzen, mchapishaji tajiri wa Amsterdam, anaitaka hadithi hiyo hiyo, na ana mtafsiri wake. Nakala yake kamili imo melini, imezuiwa na upepo huko Texel. Ikifika kabla ya ile ya London aliyoipokea Wubbina huko Rotterdam, kazi ya Egbert itauzwa kwa uzito kwa wenye maduka ya jibini, wafungie wateja. Ndiyo desturi. Karatasi isiyochapwa hufungia jibini.

Leo ni Jumamosi. Katibu hufunga mlango saa sita mchana. Kesho ni Jumapili.

Wubbina aligeukia kona ya tishari. Hapo alikaa Wessel Pothoven, mtu wa Roodhuyzen, aliyemfuata tangu Rotterdam kama harufu ya samaki.

"Wewe! Toa!"

"Nitoe nini, mama? Roho?"

"Juzuu yangu ya tatu!"

"Nipekue." Wessel aliinua mikono juu. "Ila taratibu, nina mtekenyo."

Muuza mikunga aliyekaa karibu na mlango alicheka hadi akashika mbavu. Wubbina aliunyakua mkoba wa Wessel akaumwaga sakafuni. Shati moja. Soseji iliyoumwa nusu. Na kitabu!

Alikiokota. Kiingereza hakukijua hata neno, lakini jina la hadithi ile alilitambua kwa umbo lake, kwa jinsi alivyoliona likiandikwa na Egbert usiku na mchana. Jina ndilo. Ila kitabu sicho. Hiki kilikuwa kimoja kinene, herufi ndogo kama chawa, karatasi mbovu. Chini ya ukurasa wa kwanza yaliandikwa maandishi ambayo hata yeye aliweza kuyasoma: PARIS.

"Chapa ya wizi," alisema. "Wafaransa wameiiba hadithi nzima wakaibana kwenye kitabu kimoja."

"Wizi ni neno kali. Sisi tunasema wamewahi."

"Katibu hapokei chapa ya Paris!"

"Katibu ni mzee, macho yamechoka." Wessel alikusanya vitu vyake bila haraka, akaipangusa soseji yake. "Na akiikataa hii, atapokea nini, mama? Juzuu mbili na kuni ya kupikia?"

Wubbina alimtupia kitabu chake.

"Halafu kitabu changu kina sifa moja ambayo chako hakina," Wessel aliendelea. "Kina mwisho. Nimeusoma. Nikwambie kama yule baharia alirudi?"

"Usiseme!"

Ulikuwa ukelele wa tishari zima. Hata Sijmen alipiga kelele kutoka nje. Maana tangu Leiden Wubbina alikuwa akiwasimulia abiria hadithi hiyo ili wasahau baridi, kama Egbert alivyomsimulia yeye kila jioni. Naye aliwaachia pale pale Egbert alipomwachia: binti juu ya mnara, taa mkononi, na sauti ikimwita kutoka gizani baharini. Hakuwa na zaidi. Muuza mikunga alimwambia hana utu.

Mmoja tu hakupiga kelele. Bi Petronella Duyvensz, dada wa mchungaji wa Leiden, mwanamke mnene wa makamo aliyevaa nguo nyeusi, alikaa wima mkabala na Wubbina, mikono mapajani. Midomo yake ilikuwa ya buluu.

Ya buluu! Wubbina alimtazama. Kisha alilitazama donge la mboji alilokuwa bado amelishika.

Upande mmoja ulikuwa mweusi. Ulikuwa na jivu.

Hili halikutoka ghalani. Hili lilikuwa linawaka asubuhi hii hii. Na linawaka wapi donge dogo namna hii, kama si ndani ya kisanduku cha miguu? Kila mwanamke ndani ya tishari lile alikuwa nacho chini ya gauni: kisanduku cha mbao chenye matundu juu, na bakuli la moto ndani. Wanawake wote walikuwa na jasho puani. Bi Petronella, mwenye kisanduku kikubwa kuliko vyote, alichokibeba mwenyewe kutoka nyumbani, alikuwa akitetemeka meno yakigongana.

Wubbina alipiga magoti. "Samahani, dada," alisema, akashika pindo la gauni la dada wa mchungaji na kulipandisha.

"Ebo! Mbele za watu!"

"Mama Tengbergen!" Sijmen alifoka. "Humu ndani ya tishari langu kuna heshima!"

Wubbina alikuwa amekwisha fungua kifuniko. Bakuli lilikuwa baridi. Ndani yake, kimeviringwa kitambaa cheupe cha kanisani, kilikuwamo kitu alichokitafuta.

Juzuu ya tatu. Karatasi zake, ambazo London huziuza zikiwa hazijakatwa kingoni, zilikuwa zimechanwa kwa kibanio cha nywele, chache tu za mwanzo.

Bi Petronella alijifunika uso. "Ningekirudisha! Haki ya Mungu, ningekirudisha kabla hatujafika."

"Ulikichukua lini?"

"Pale Halfweg, tulipovuka tuta kwa miguu kubadili tishari. Ulinipa kikapu nikushikie ukaenda kutapika nyuma ya kibanda."

"Nilikuamini kwa sababu ya kaka yako!"

"Kaka yangu!" Bi Petronella alicheka huku akilia, kicheko kibaya kukisikia. "Tuna chama cha kusoma pale Leiden, wanawake watupu. Sanduku la vitabu linazunguka nyumba hadi nyumba. Unajua nani analipakia? Kaka. Mahubiri, mama. Kila mwezi mahubiri! Mama yangu alikuwa mtu wa Harwich, alinifundisha Kiingereza, na nimekaa nacho miaka yote hii sina cha kukisomea. Halafu wewe unakuja, unasimulia, unakata pale! Nilitaka kujua kama alirudi. Hilo tu."

Wubbina aliinua kiganja ampige. Kiganja kilibaki hewani.

"Alirudi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Sijafika hapo," alisema Bi Petronella. "Vidole vyangu vimekufa ganzi, siwezi kuchana karatasi."

Hapo ndipo muuza mikunga alipouliza, "Yule wa soseji yuko wapi?"

Kona ilikuwa tupu!

Wakati macho yote yako kwenye gauni la dada wa mchungaji, Wessel Pothoven alikuwa ameruka ukingoni na kitabu chake cha Paris. Walimwona mbele kwenye njia ya farasi, mbio, koti likipepea. Tishari hutembea kwa mwendo wa farasi anayetembea. Mtu anayekimbia hulipita hata kama ni mvivu.

Wubbina alitoka nje. "Sijmen, nipe farasi."

"Una wazimu?"

"Nipe farasi wako. Nitakuachia langoni mwa mji."

"Na tishari langu litakokotwa na nani? Na sala?"

"Sijmen." Alimshika mkono. "Yule akifika peke yake, katibu ataandika jina la bwana wake na mambo yamekwisha. Ulimjua Egbert. Alipanda tishari lako. Utakuja kununua jibini, utalikuta limefungwa kwa mwandiko wake."

Sijmen alitafuna kiko chake. Alitazama maji. "Egbert alikuwa akinisomea gazeti," alisema mwishowe, "nikijifanya macho yananiuma." Aligeukia abiria. "Haya, nyie wenye miguu! Mnataka kujua kama baharia alirudi, au hamtaki?"

Wakashuka. Msiniulize kama ni kweli, someni. Muuza mikunga alikuwa wa kwanza kuishika kamba, na nyuma yake wanaume na wanawake wanane wakaiweka mabegani.

"Wewe panda nyuma," Wubbina alimwambia Bi Petronella.

"Mimi? Juu ya farasi?"

"Katibu akiniuliza kilichoandikwa humu, mimi sijui kusoma hata jina la mtaa wa London. Umeniibia. Sasa utanilipa kwa macho yako."

Farasi yule wa kukokota hakuwa na tandiko, na mbio zake zilikuwa za kusikitisha. Walimpita mchuuzi wa maziwa. Walimpita padri. Wessel hawakumpita. Karibu na lango la mji walimwona kwa mbali akirukia gari la mboga, akawapungia kofia.

Kengele za kanisa zilikuwa zikilia saa sita walipofika kwa katibu. Mlango ulikuwa bado wazi, lakini ufunguo umeshachomekwa.

Bwana Balthasar Heukelom, katibu wa chama, alikuwa mzee mkavu mwenye jozi mbili za miwani, moja puani na nyingine kwenye paji la uso. Wessel alisimama karibu na jiko la chuma akiota moto, ametulia kama mwenye nyumba. Kitabu cha Paris kilikuwa tayari mezani.

"Nilikuwa naandika," alisema katibu.

"Usiandike!" Wubbina aliweka kiganja juu ya karatasi yake. "Ni chapa ya wizi, bwana. Tazama chini."

Katibu alishusha miwani ya pili. Alitazama chini ya ukurasa kwa muda mrefu, kisha akamtazama Wessel kwa muda mrefu zaidi.

"Bwana Pothoven, umenidhania kipofu?"

"Nimekudhania mtu mwenye kazi nyingi, bwana."

"Toa uchafu huu mezani kwangu." Alikisukuma kwa kalamu kama mtu anayesukuma panya mfu. "Na wewe, mama?"

Wubbina alipanga juzuu zake. Moja. Mbili. Tatu. London, wazi kabisa, kwenye kila moja. Mikono yake iliacha alama za jasho kwenye majalada.

"Kamili?"

"Kamili, bwana."

"Nalijua jina la mumeo. Alikuwa mfasiri safi." Katibu alichovya kalamu. "Desturi ni kwamba mstari wa mwisho usomwe mbele yangu, nijue kitabu kina kichwa na miguu. Nani hapa anasoma Kiingereza?"

Bi Petronella alitazama sakafu.

"Msomaji ataandikwa jina," katibu aliongeza, "na litatoka kwenye gazeti la chama."

Gazeti hilo lilisomwa Leiden. Lilisomwa na mchungaji, ukurasa kwa ukurasa, akitafuta vitabu vya kulaani. Wubbina alijua hilo. Alimwona Bi Petronella akilijua pia.

"Nakuomba," Wubbina alinong'ona. "Dada, nakuomba."

"Petronella Duyvensz," alisema yule mwanamke, sauti ikikwaruza. "Dada wa mchungaji wa Leiden."

Katibu aliinua kichwa. "Yule anayehubiri kwamba hadithi za kubuni ni mlango wa jehanamu?"

"Huyo huyo."

"Nawe unazisoma wapi?"

"Ndani ya kisanduku cha miguu, bwana. Andika."

Aliichukua juzuu ya tatu, akachana karatasi za mwisho kwa kisu cha katibu. Wubbina alifumba macho. Miezi yote hii alikuwa akiusubiri mwisho huu, kama vile Egbert angekuja kuusema mwenyewe.

"'Na binti akainua taa juu zaidi,'" Bi Petronella alifasiri polepole, "'kwa maana mashua ilikuwa karibu, na aliyekuwa amesimama ndani yake alikuwa...'"

Ukurasa uliishia hapo.

"Alikuwa nani?" aliuliza katibu. Alikuwa amesahau kalamu yake, na wino ukadondoka mezani.

Bi Petronella aligeuza karatasi. Akaigeuza tena.

"Hapa kumeandikwa: mwisho wa juzuu ya tatu."

"Ndiyo. Mwisho."

"Hapana, bwana. Mwisho wa juzuu ya tatu. Si mwisho wa kitabu."

Wubbina alifumbua macho. Hadithi za Kiingereza huja kwa juzuu tatu! Kila muuza vitabu kutoka Delft hadi Groningen analijua hilo kama anavyojua vidole vyake. Rotterdam walimpa tatu, naye alihesabu tatu, akashukuru, akaondoka. Zimebaki sura tatu, alisema Egbert. Za juzuu. Hakusema za kitabu, na yeye hakuuliza.

Kando ya jiko mtu alianza kucheka.

"Tulijua utahesabu tatu," alisema Wessel. Aliingiza mkono kifuani akatoa kitabu chembamba chenye jalada la kijivu la London. "Mfungaji mizigo wa Rotterdam alisema, nikiiba zote mama huyu atapiga kelele mji mzima. Nikiacha tatu, atanishukuru. Juzuu ya nne, bwana katibu. Nimekuja nayo makusudi, uone kwa macho yako kwamba chake ni pungufu."

Bwana Heukelom alisimama. Jozi zote mbili za miwani zilikuwa puani sasa.

"Nimeona," alisema. "Nimeona pia kwamba juzuu ya nne imo chumbani humu, imetoka kwenye mzigo wa mama huyu, na mlango wangu haujafungwa. Iweke mezani pamoja na wenzake. Kitabu kimetimia, na ni chake."

Kicheko kilikatika.

"Iweke, kijana."

Wessel alitazama meza. Alitazama mlango, na mlangoni alikuwa amekwisha kusimama Bi Petronella, ameujaza wote. Alirudi nyuma hatua moja, kisogo chake kikakaribia bomba la jiko.

"Upepo wa Texel umegeuka tangu alfajiri," alisema taratibu. "Jumatatu nakala ya bwana wangu itakuwa mezani hapa. Nzima. Mimi sihitaji kushinda leo, mama. Nahitaji wewe usishinde."

"Wessel," alisema Wubbina. "Huo ndio mwisho wa hadithi. Egbert hakuusoma."

"Basi wewe naye mtakuwa sawa."

Alifungua mlango wa jiko kwa ncha ya kiatu na kuitupa juzuu ya nne ndani.

Katibu alipiga yowe. Bi Petronella alimrukia Wessel kwa uzito wake wote. Ndani ya jiko jalada la kijivu lilijikunja pembeni, likawa kahawia, na karatasi ya kwanza ikashika moto.

Wubbina hakupiga kelele. Alikunja mkono wa gauni lake hadi juu ya kiwiko, vizuri, kama mwanamke anayetoa mkate tanuruni. Akapiga magoti mbele ya jiko, akaingiza mkono.